Mlango wa jokofu usiofunga: Tupime kabla ya kulaumu



Ndugu msomaji, wiki hii nimekusudia kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo huenda ukaliona dogo mno kustahili nafasi katika ukurasa huu wa familia: mlango wa jokofu. Sizungumzii bei ya jokofu, wala ubora wa aina hii au ile. Nazungumzia mlango wake tu. Namna unavyofunguka, namna unavyofunga, na nafasi unayoihitaji katika jiko la nyumbani. Nimelichagua jambo hili kwa sababu nyumbani kwangu mwenyewe lilikaribia kutugharimu afya ya mzazi, na lilitugharimu heshima ya binti mmoja asiye na kosa. Nitaanza na kisa, kisha nitaeleza tuliyojifunza, ili asiyefikwa ajihadhari na aliyefikwa ajue pa kuanzia.

KISA CHENYEWE

Mwaka jana tulihamia katika nyumba tuliyokuwa tukiijenga kidogo kidogo kwa miaka sita, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Jiko lake lilikuwa furaha kubwa ya mke wangu, naye alistahili, kwani miaka yote hiyo alipikia uani chini ya bati. Fundi aliyejenga aliacha nafasi ya jokofu katika kona, baina ya ukuta na kabati la vyombo. Upana wa nafasi hiyo ulikuwa sentimita 62. Jokofu tulilonunua, lenye friza juu na sehemu ya kawaida chini, lilikuwa na upana wa sentimita 60. Nilipozisoma tarakimu hizo dukani nilifurahi, nikamwambia mke wangu kwamba litaingia kama lililoshonewa pale. Kumbe nilikuwa nimepima kana kwamba nanunua sanduku, nikasahau kwamba sanduku hili lina mlango.

Tunaishi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana maradhi ya kisukari na hutumia insulini. Chupa zake za akiba huhifadhiwa ndani ya jokofu. Yupo pia binti wa miaka 19 anayemsaidia mke wangu kazi za nyumbani, mtulivu na mwenye adabu.

Haikupita miezi miwili, mambo yakaanza kwenda kombo. Maziwa yakawa yanachacha kabla ya siku yake. Mchuzi uliopikwa jioni ukawa unatoa harufu asubuhi. Uniti za umeme tulizozoea kuzitumia mwezi mzima zikawa zinakwisha tarehe 20. Kisha likaja lililotutia hofu zaidi: vipimo vya sukari vya mama vikaanza kupanda, ilhali dawa haikubadilishwa wala kupunguzwa.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Katika vikao vyetu mwenye kutoa tuhuma hutakiwa alete ushahidi, na mwenye kutuhumiwa hupewa nafasi ya kujieleza, na yote mawili mimi ndiye ninayeyaandika. Hukumu niliyoipitisha nyumbani kwangu haikufuata utaratibu huo. Mara mbili niliukuta mlango wa jokofu uko wazi kwa upana wa kidole, na mara zote mbili binti yule ndiye aliyetoka jikoni muda mfupi kabla. Nikamwita sebuleni, watoto wangu wakiwepo.

"Kaka, mlango naufunga," alisema, macho yake yakitazama chini. "Nausukuma mpaka nausikia umegota."

"Ungekuwa unaufunga usingekuwa wazi," nilimjibu, nikaona nimesema neno la hekima.

Ama kwa mama, nilimwendea kwa upole zaidi, lakini maana ilikuwa ileile. Nilimuuliza kama hakuwa akionja tende na haluwa tunapokuwa makazini. Alinitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, nimekulea mpaka umekuwa na ndevu hukuniona nikila kwa kujificha. Nitaanza leo, tena kwa haluwa?" Sikuwa na jibu. Lakini nakiri kwamba moyoni sikumwamini.

Mwezi uliofuata binti yule aliomba ruhusa ya siku nne kwenda kwao Kilosa, kwenye harusi ya dada yake. Usiku wa pili tangu aondoke, mama aliamka kabla ya alfajiri kwenda kutawadha. Akapita mbele ya jiko, akaona mstari wa mwanga sakafuni. Akaja kuniamsha. Mlango wa jokofu ulikuwa wazi, taa ya ndani inawaka, na maji yameanza kutiririka kwenye vigae.

Binti alikuwa Kilosa. Mtu wa mwisho kulifungua jokofu lile usiku ule nilikuwa mimi, niliporudi kutoka kikaoni nikachukua maji ya kunywa. Na nakumbuka vizuri kwamba niliufunga mlango. Niliusukuma mpaka nikausikia umegota.

Mama hakusema neno. Alinitazama tu, kisha akaenda kutawadha.

FUNDI NA NDIMU

Asubuhi yake nilimtafuta fundi wa majokofu wa mtaa wetu, mzee mwenye uzoefu mkubwa. Nilidhani atafungua nyuma na kugusa kompresa. Badala yake aliomba ndimu. Akaiweka sakafuni mbele ya jokofu, akaiachia. Ndimu ikabingirika yenyewe, polepole, ikaelekea kwenye tundu la kutolea maji katikati ya jiko.

"Umeona?" aliniuliza. "Sakafu yako inamwaga maji kuja huku. Jambo jema kwa kudekia. Lakini jokofu limesimama kama mtu anayetaka kurukuu. Mlango wake unashuka mlima."

Sakafu ya jiko na ya bafu aghalabu hujengwa kwa mwinamo ili maji ya kusafishia yaelekee kwenye tundu. Jokofu likisimama juu ya mwinamo huo huku mbele yake kukiwa chini kuliko nyuma, uzito wa mlango huuvuta ufunguke. Usipokamatwa barabara, hujirudi wenyewe taratibu, baada ya aliyeufunga kukwisha kuondoka. Jokofu linatakiwa kuwa kinyume cha hayo: mbele ijuu kidogo kuliko nyuma, ili mlango ukiachiwa uelekee kufunga.

Fundi hakuishia hapo. Aliufungua mlango, nao ukagonga ukuta kwa kishikio chake kabla haujafunguka vya kutosha. Akaivuta droo ya mboga. Ikatoka nusu, ikakwama kwenye ukingo wa mlango. Akairudisha, nayo ikarudi upande, ikabaki imechomoza kwa upana wa kidole. Kisha akaufunga mlango. Tukausikia ukigota. Tukasimama kimya. Baada ya muda usiofika dakika moja, mlango ukafunguka wenyewe.

Sauti tuliyokuwa tukiisikia sote, mimi na binti yule, haikuwa ya mlango kukutana na jokofu. Ilikuwa ya mlango kuigonga droo.

Kwa hiyo sababu zilikuwa mbili, na zote zilitokana na mimi niliyepima na fundi aliyejenga. Bawaba za jokofu zilikuwa upande wa ukuta, mlango ukakosa nafasi, droo ikawa haiingii sawasawa. Na sakafu ikamalizia kazi.

KWA NINI MLANGO WA JOKOFU HUSHINDWA NA KITU KIDOGO

Huenda msomaji akauliza: kwa nini watengenezaji wasiweke komeo madhubuti, likamaliza mjadala? Jibu lake ni la kuhuzunisha, na kila mzazi anapaswa kulijua.

Zamani majokofu yalikuwa na komeo la chuma linalojifunga kwa nje. Watoto waliokuwa wakicheza walijificha ndani ya majokofu, hasa yaliyotupwa, mlango ukajifunga, nao wasiweze kuufungua kutoka ndani. Wengi walifariki kwa kukosa hewa. Nchini Marekani misiba hiyo ilisababisha kutungwa sheria mwaka 1956, iliyotaka kila jokofu la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani, na masharti yake yakaanza kufanya kazi mwaka 1958. Utaratibu uliokuja kuenea ni ule tunaouona leo: raba laini inayozunguka mlango, na ndani ya raba hiyo mna ukanda wa sumaku unaovutwa na chuma cha mwili wa jokofu.

Sumaku hiyo nguvu yake ni ndogo, na imekusudiwa iwe hivyo, ili hata mtoto aweze kuusukuma mlango akatoka. Tena huvuta pale tu mlango unapokuwa umekaribia kabisa kugusa. Kitu chochote kitakachouzuia kwa upana wa kidole, iwe droo, chupa, sufuria iliyochomoza au barafu, huifanya sumaku isifike. Hivyo komeo letu la leo ni salama kwa watoto, lakini linatudai umakini katika kuliweka jokofu.

Na hapa nitoe nasaha moja kabla ya kuendelea. Ikiwa uani kwako kuna jokofu bovu la kizamani lenye komeo, liondoe mlango wake leo, usingoje kesho. Hata lenye sumaku, likitupwa, mlango wake uondolewe. Watoto hawajui tofauti baina ya mahali pa kujificha na kaburi.

TUPIME NINI KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, tupime njia. Jokofu litapita mlango wa mbele, ukumbi, kona na mlango wa jiko. Majokofu makubwa yenye milango miwili iliyosimama sambamba yana upana unaokaribia sentimita 90, na milango mingi ya vyumba haizidi hapo. Wapo waliolazimika kuvunja fremu ya mlango siku ya kupokea mzigo.

Pili, tupime nafasi ya kupumua. Jokofu haliumbi baridi. Linatoa joto lililomo ndani na kulimwaga nje. Baadhi humwaga joto hilo kwa mabomba meusi yanayoonekana mgongoni, na mengi ya kisasa hulimwaga kupitia kuta zake za ubavuni, ndiyo maana huwa na joto ukizigusa. Likibanwa, joto halina pa kwenda, kompresa huchoka na umeme huliwa. Kitabu cha maelekezo hutaja nafasi inayotakiwa kwa kila aina; kwa ujumla, sentimita 5 au zaidi nyuma na ubavuni, na zaidi ya hapo juu yake, ni akiba nzuri.

Tatu, na hili ndilo lililotushinda sisi, tupime mlango ukiwa wazi. Haitoshi mlango ufunguke nyuzi 90, yaani ukae kama pembe ya kitabu. Katika majokofu mengi droo na rafu hazitoki mpaka mlango upite hapo. Ikiwa upande wa bawaba umepakana na ukuta, unene wa mlango na kishikio chake huhitaji nafasi ya kuzungukia. Dukani, mwombe muuzaji akufungulie mlango mpaka nyuzi 90 kisha avute droo zote. Zikikwama, ujue jokofu hilo halifai kukaa kona ya ukuta wa upande wa bawaba, au lisogezwe mbali na ukuta.

Nne, tutazame kilicho mbele. Mlango ukifunguka, je, utagonga meza, kabati la ng'ambo, au mlango wa jiko wenyewe? Je, mtu anaweza kusimama mbele yake akiwa amebeba sinia? Mlango unaofunguliwa nusu kwa sababu ya ufinyu hufungwa nusu pia.

Tano, tuulize kama bawaba zinahamishika. Majokofu mengi ya mlango mmoja, na yale yenye friza juu, yametobolewa matundu pande zote mbili, na matundu yasiyotumika hufunikwa kwa vifuniko vya plastiki. Mlango unaweza kuhamishwa kutoka kufunguka kulia ukafunguka kushoto. Hivyo ndivyo fundi alivyotufanyia. Alichomoa umeme, tukalimaliza jokofu vitu vyote, akafungua bawaba kwa bisibisi na spana, akazihamishia upande wa kabati. Kabati ni fupi kwa kimo na halijachomoza kama ukuta, hivyo mlango unapita juu na mbele yake bila kugusa. Kazi yote haikufika saa mbili, na malipo yake yalikuwa shilingi 20,000. Baadaye seremala alipunguza kabati ili jokofu lipate hewa ubavuni.

IKIWA TAYARI LIMO NYUMBANI NA HALIFUNGI

Anza na usawa. Tumia pimamaji ya fundi, au ndimu kama alivyofanya mzee yule. Majokofu mengi yana miguu miwili ya mbele inayozungushwa kwa mkono au spana. Mmoja auinamishe mwili wa jokofu nyuma kidogo, mwingine azungushe mguu mpaka mbele ipande kidogo. Kisha fungua mlango nusu na uuachie. Ukielekea kufunga taratibu, umepatia. Usiinue kupita kiasi, na hakikisha miguu yote imekanyaga. Jokofu linalotikisika hupinda mlango wake.

Kisha ichunguze raba. Chukua noti, ibane baina ya raba na mwili wa jokofu, funga mlango, halafu ivute kwa upole. Ikikataa kidogo kabla ya kutoka, raba inakamata. Ikiteleza bila kuzuiwa, hapo pana ufa. Rudia pande zote nne, hasa pembeni na upande wa bawaba. Au usiku zima taa za jiko, weka tochi inayowaka ndani, elekeza mwanga kwenye raba, ufunge mlango, utazame kama mwanga unatoka.

Raba nyingi hulaumiwa kwa ubovu kumbe ni uchafu. Mafuta, sukari ya juisi na vumbi hujikusanya katika mikunjo yake, na kwetu sisi wa pwani, kwa unyevu huu, hugeuka ukungu mweusi. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, kisha uikaushe vizuri. Ikiwa imepinda, kitambaa kilicholowekwa maji ya moto kiasi huilainisha ikarudi katika umbo lake. Iliyopasuka au kukakamaa haina dawa ila kubadilishwa, na ni bora kwenda dukani ukiwa na namba ya modeli iliyoandikwa ndani ya jokofu.

Utazame mzigo wa mlangoni. Chupa nne za maji za lita moja na nusu ni kilo 6, zimening'inia kwenye bawaba mchana na usiku, na kila anayefungua anaongeza mtikisiko. Mlango hulegea, hushuka, na raba haikutani tena na mahali pake. Weka chupa nzito rafu ya chini ndani ya jokofu.

Itazame barafu. Ikijaa kwenye ukingo wa friza, mlango haufiki. Zima jokofu, uache iyeyuke yenyewe au uisaidie kwa bakuli la maji ya moto lililowekwa ndani. Usichokonoe kwa kisu. Nyuma ya barafu hiyo mna mabomba membamba ya gesi, ukiyatoboa umeliua jokofu. Na majokofu mengi mapya hutumia gesi iwakayo moto.

Yapo pia mambo yanayowatia watu wasiwasi bure. Ukifunga mlango kisha ukataka kuufungua papo hapo, ukakataa, hilo si kosa: hewa ya joto iliyoingia imepoa na kusinyaa, ikauvuta mlango, ngoja dakika moja. Vilevile joto unalolihisi kwenye ukingo wa mlango katika aina nyingi limewekwa makusudi, ili ukingo usitoe jasho.

AKIBA YA CHAKULA NA YA DAWA

Jokofu linatakiwa liwe na nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake bila kugandisha, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto kidogo, kitie ndani ya gilasi ya maji katika rafu ya kati, ukisome asubuhi. Mlango unaofunga vizuri pia ndio unaotuokoa umeme unapokatika: jokofu lisilofunguliwa huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48, ikiwa nusu, saa 24. Penye ufa hesabu hizo hazipo.

Ama insulini, chupa ambazo hazijaanza kutumika huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8. Haitakiwi kuganda, ikishaganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Usiiweke mlangoni, ambako joto hupanda na kushuka kila anapofungua mtu, wala usiigusishe na ukuta wa nyuma. Rafu ya kati ndiyo mahali pake. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya jokofu mahali pa baridi kiasi kwa takriban wiki nne, lakini kila aina ina karatasi yake ya maelekezo, na hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Tulipomweleza muuguzi wa kliniki juu ya mlango wetu, alituagiza tuziache chupa zote zilizokuwemo, akampangia mama nyingine. Siwezi kudai kwamba nimethibitisha kisayansi kilichotokea ndani ya chupa zile. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya wiki mbili vipimo vya mama vilirudi pale vilipokuwa kabla hatujahamia.

DENI LILILOBAKI

Mlango ulirekebishwa siku moja. Deni jingine lilinichukua muda mrefu zaidi.

Kwa mama nilikwenda siku ileile. Nilimwambia kwamba nilimdhania lisilokuwepo, na kwamba nilipomuuliza juu ya haluwa nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Alicheka kidogo, akasema: "Sasa niletee haluwa yenyewe, nionje robo ya kijiko mbele yako." Alinisamehe kabla sijamaliza maneno. Wazazi ndivyo walivyo, na pengine ndiyo maana tunawakosea kwa wepesi.

Binti aliporudi kutoka Kilosa, alikuta mlango unafunguka upande mwingine. Akasimama mbele yake, haelewi. Nilikuwa nimepanga kumwita faragha nimweleze. Mke wangu akanizuia. "Ulimsema mbele ya watoto," alisema. "Wao bado wanaamini ni mzembe."

Basi nikawaita watoto sebuleni, palepale. Nikaiweka ndimu sakafuni jikoni wakaiona inavyobingirika. Nikawaeleza kwamba dada yao alikuwa akisema kweli tangu siku ya kwanza, kwamba baba yao ndiye aliyepima vibaya, na kwamba baba yao pia aliuacha mlango wazi usiku ambao dada hakuwepo. Nikamgeukia, nikasema: "Mdogo wangu, nimekukosea. Nisamehe."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nilikuwa nikiamka usiku kuukagua, kaka. Kila usiku. Nikadhani labda kweli nasahau."

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kwa miezi kadhaa msichana wa watu alikuwa akikatisha usingizi wake kulinda mlango ambao mimi ndiye niliyeuharibu, mpaka akaanza kuitilia shaka akili yake mwenyewe. Maziwa yaliyochacha nimekwisha kuyalipia. Usingizi ule siwezi kuurudisha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa raba ya mlango huzibwa kwa spana na maji ya sabuni. Basi kitu kikiharibika nyumbani mwako, na mkono wako ukataka kumnyooshea mdogo kuliko wote nyumbani, rudisha mkono huo kwanza, uchukue futi na pimamaji. Pima sakafu. Pima mlango. Muulize anayetuhumiwa, na umsikilize kama ambavyo ungependa kusikilizwa. Huenda ukamkuta amekosea kweli, na hapo utamrekebisha kwa haki. Na huenda ukakuta ndimu inabingirika.

Tukutane wiki ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.